Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Chama cha Ibada kwa Mwenye Heri Anuarite

Baba Paroko, Mama Mlezi, wanachama wenzangu, Tumsifu Yesu Kristo.

Mwaka huu tumesali novena, tumetembelea wagonjwa na kufanya usafi wa kanisa kwa zamu. Hayo mnayafahamu. Mapato yalikuwa shilingi 1,140,000, matumizi 986,000, salio 154,000. Mchanganuo anao mhazini.

Nije kwenye igizo letu la tarehe 1 Desemba kuhusu kifo cha Anuarite, maana maneno yamekuwa mengi, na mengine yamesemwa nikiwa sipo. Ni kweli niliagiza onyesho la mwisho liondolewe, lile la Kanali Olombe, muuaji wake, kupigwa na radi. Uamuzi ni wangu na nausimamia. Wapo wanaosema namtetea muuaji.

Mwishoni mwa Novemba 1964 waasi wa Simba nchini Kongo walikuwa wamepoteza Stanleyville, Kisangani ya leo, baada ya askari wa miavuli wa Ubelgiji kushuka, na hasira zao ziliwaangukia wamisionari na watawa. Tarehe 29 waliwapakia kwenye lori masista wa Jamaa Takatifu kutoka Bafwabaka. Anuarite, mmoja wao, mwalimu wa watoto na mtunza sakristia, alikuwa hajatimiza hata miaka 25. Walipofikishwa mjini Isiro, afisa mmoja akamtaka awe mke wake, akakataa mbele ya wenzake. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Desemba, Olombe naye akamtaka. Jibu lilikuwa lile lile: heri afe kuliko kutenda dhambi hiyo. Akapigwa kwa kitako cha bunduki, na huku akipigwa akamwambia Olombe kwamba anamsamehe, kwa kuwa hajui alitendalo. Wakamchoma visu, kisha Olombe akampiga risasi. Miezi kadhaa baadaye, kaburi la pamoja lilipofukuliwa, alitambuliwa kwa kisanamu cha Bikira Maria kilichokuwa mfukoni mwake.

Papa Yohane Paulo II alipomtangaza Mwenye Heri, Kinshasa, tarehe 15 Agosti 1985, alimsamehe muuaji huyo kwa jina la Kanisa zima. Sisi radi tunaitoa wapi? Nimeyasoma maisha ya dada huyu kwa miaka mingi, na wazo la igizo nililileta mimi mwenyewe. Msamaha ule ndio kiini chake. Ukiuondoa, tunabaki na habari ya mauaji tu.

Inaniumiza pia kwamba wengi waliolalamika hawakukanyaga mazoezini. Wanachama tuko 64, waliolipa ada ni 22. Kikao cha Agosti kiliahirishwa kwa kukosa akidi, nasi tulikuwa tumeshawasha taa na kupanga viti. Asiyehudhuria wala kulipa anadai kusikilizwa kwa haki ipi?

Mwakani, Mungu akipenda, tunatarajia kupata vitenge vyenye picha yake, hija ikiwezekana, na mradi wa kutuingizia kipato. Igizo litarudiwa, na onyesho la msamaha litabaki. Mhazini anapokea ada leo hii, yuko kwenye meza karibu na mlango.

Wenu katika Kristo,
Mwenyekiti