Wananiambia Noeli haiko kilio

Mama mpendwa,

Nakuandikia kungali giza, umeme hakuna na simu inakaribia kuzima, unisamehe nikichanganya mambo. Wewe uko Goma pamoja nasi, unajua tulivyoishi tangu waasi wa M23 walipouteka mji Januari 2025, sina haja ya kukueleza.

Mama kiongozi wa shirika letu, jumuiya yetu ndogo ya kanisa, aliniambia baada ya sala: "Noeli haiko kilio. Ukija kanisani, machozi yako uyaache nyumbani." Mbele ya watu. Wengine wao walipofiwa nilikwenda kukaa nao, nikalala kwenye mikeka yao. Hakuna aliyefungua kinywa.

Mimi sikatai Noeli. Nimebatizwa mtoto, nimeimba kwaya tangu usichana, sadaka natoa hata mwaka huu benki zimefungwa na mshahara wa mume wangu hauonekani. Mtu asiseme nimeacha imani. Ila kijana wangu alitoka na bidoni mbili kwenda kuteka maji ziwani, wiki ile mji ulipoanguka na mabomba yakakauka, na mpaka leo hajarudi. Tulizunguka hospitali, tukaenda hata kule maiti zilikolazwa. Hakuwapo. Sina kaburi la kwenda kupalilia. Kilio ambacho hata hakijaanza, mtu atanipangia vipi siku ya kukimaliza?

Padri mwenyewe hakusema hivyo, ni yule mama. Najiuliza, yeye Injili anaisoma mpaka wapi? Mathayo 2 haiishii kwa mamajusi na dhahabu yao. Kuna Herode, kuna watoto wa Bethlehemu waliouawa, kuna Raheli anayewalilia watoto wake na hataki kufarijiwa. Hataki! Imeandikwa hivyo, na hakuna malaika aliyetumwa kumnyamazisha. Yesu mwenyewe alibebwa usiku akakimbizwa Misri, kama sisi tulivyobeba wetu kwenda Sake na Gisenyi volkano ilipolipuka mwaka 2021. Kanisa linawakumbuka watoto wale tarehe 28 Desemba, siku tatu tu baada ya Noeli, lakini hapo watu wameshakula sikukuu, nani anakwenda misa?

Mume wangu anasema niache maneno mengi, tupike wali na kuku tukipata, wadogo wana haki ya kufurahi. Ni kweli wana haki. Lakini nikianza kupakua wali mkono wangu bado unatafuta sahani yake. Namwambia mwaka huu hatusherehekei, halafu nikipita sokoni Birere najikuta nauliza bei ya nguo za watoto. Nataka waniache peke yangu, na jioni naumia kwa sababu hakuna aliyebisha hodi.

Yule mama angeniita kando tu. Angeniambia kwa sauti ya chini, ningemsikiliza, ni mkubwa kwangu. Lakini mbele ya watu!

Sasa kuna jambo jingine, labda utaliona dogo. Binti yangu amechaguliwa kuwa Maria katika mchezo wa watoto. Mtoto Yesu wao ni mwanasesere wa plastiki, mkono mmoja hauna vidole. Binti anataka kumfunga katika shati la kaka yake, lile jeupe la shule, lenye doa la wino mfukoni. Shati hilo sijalifua, nalificha chini ya godoro. Nilimkatalia, nikampa kipande cha kitenge kipya. Hakukipokea. Akasema: "Yaya naye si anakuja Noeli?" Yaya ndivyo anavyomwita kaka yake.

Nikilitoa, majirani watalitambua, na yule mama atasema nimeleta kilio changu mpaka horini. Tena litashikwashikwa na watoto wote, harufu yake itaisha. Nikikataa, naona kama mimi ndiye ninayemfungia mwanangu mlango, wakati Mungu anasema amezaliwa kwa ajili ya watu kama sisi. Mume wangu sijamwambia. Najua atasema nichague moja, nilie au nisherehekee, na mimi siwezi kuchagua.

Mazoezi ni Jumamosi. Nilitoe shati au nisilitoe? Na siku yenyewe nikae mbele na wazazi wengine, hata kama nitalia, au nibaki nyumbani? Unijibu mapema, ila tafadhali usiniambie nisahau.

Mama wa Majengo, Goma