Kwa nini simba wako wa getini anapasuka mguu

Kamwene wadau. Simu za "fundi njoo uone sanamu yangu imepasuka" zimekuwa nyingi mwezi huu, nikaona niandike hapa mara moja maana kumweleza kila mtu kwa simu vocha inaisha.

Juzi niliitwa Mafinga, mzee mmoja ana simba wawili getini, rangi safi kabisa, ila mmoja mguu wa mbele una mstari wa kahawia unashuka kama mtu kamwaga chai. Nikagonga na nyundo kidogo tu, plasta ikadondoka kipande kizima, ndani wavu wa kuku umeshakuwa unga mwekundu, na tumboni fundi aliyemtengeneza alijazia mifuko mitupu ya simenti na magunia, yote yamelowa chapachapa, na huu ni mwezi wa saba mvua ziliisha kitambo. Mzee alicheka ila kicheko cha uchungu.

Iko hivi, kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, kwahiyo chuma kikiliwa kinavimba kinasukuma plasta kutoka ndani mpaka inachanika. Ukiziba ufa kwa nje ukapiga rangi, mwakani utaniita palepale.

Sisi hapa Kihesa tunaanza na nondo, milimita 12 kwa miguu, mwilini 8 au 10, tunakunja tunafunga na waya wa kufungia, afu tunavisha wavu ule wa zinki unaong'aa, tabaka mbili tatu, tunaukaza kila mahali usichezecheze. Kichwa cha tembo kinaweza kula siku mbili za waya tu kabla simenti haijaguswa, na ukikosea masikio hapo ndo umekosea, plasta haitakuokoa. Plasta ya kwanza tunaisukuma kwa mkono mpaka ipenye (glavu lazima, simenti inakula vidole). Ndoo moja ya simenti kwa tatu za mchanga, na maji kwa kubania, mfuko wa kilo 50 yasizidi lita 25 hivi, hapa ndo vibarua wengi wanaharibu maana uji mwepesi ni rahisi kupaka. Mchanga weka kidogo kwenye chupa ya maji, tikisa, acha utulie, ukiona tope nene limekaa juu mwambie dereva ageuze lori.

Waya ufunikwe angalau sentimita 2. Hili nililijifunza kwa hasara yangu, nilishamtengenezea mtu korongo nikataka miguu iwe myembamba ya kupendeza, plasta nikaiweka kama karatasi, mwaka haujaisha imechanika, nikarudia bure.

Na chini ya tumbo tunaacha tundu la kutolea maji. Kuna wateja wanadhani tumesahau, wanaliziba wenyewe. Jamani msilizibe!

Kingine ni haraka. Msimu huu wa baridi na upepo mkavu simenti inakauka juu kabla haijashika ndani, na baridi yenyewe inaichelewesha, ndo unapata zile nyufa ndogondogo kama uso wa bwawa lililokauka. Tunafunika na magunia mabichi tunamwagilia siku 7 kwa uchache, na nguvu yenyewe tunaihesabia siku 28, kwahiyo ukija Jumatatu unataka tembo wa harusi ya Jumamosi nitakukatalia mkuu, hata uongeze hela. Ikitengenezwa vizuri inakaa, na sio kitu ya majuzi hii, kuna mtunza bustani wa Ufaransa, Joseph Monier, alichukua hataza 1867 kwa vyombo vya kupandia maua vya chuma na simenti.

Yule simba wa Mafinga tumemkata mguu tunaunda upya kuanzia nondo. Mwenzake alionekana mzima, tukamtoboa tumboni kuhakikisha, maji yakatoka karibu nusu ndoo. Tumemwacha akauke wiki mbili ndo tujue kama na yeye anahitaji mguu.