Dagaa wa Tanganyika si salmoni wa Alaska

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako limeingia nyumbani kwetu tangu marehemu baba akiwa hai, na sijawahi kukuandikia hata mstari. Safari hii nimeshindwa kunyamaza. Ni ile makala yenu ya ukurasa wa katikati, yenye picha ya salmoni wekundu, iliyosema kuwa vipimo vya vinasaba vimewawezesha Wamarekani kujua samaki yupi ni wa mto upi, na kwamba nasi tukivitumia "kila nchi italinda dagaa wake". Hayo ya Marekani ni kweli. Hilo la dagaa ni upotoshaji, na watakaoumia ni sisi tunaokula na kusomesha kwa dagaa huku Kigoma.

Hata ya Alaska, jimbo la Marekani wanakovuliwa salmoni hao, mmeyaeleza nusunusu. Salmoni huanguliwa mtoni, huenda kukulia baharini, kisha hurudi kutaga kwenye mto ule ule alikotoka. Kwa kuwa wa mto mmoja huzaliana wao kwa wao, kizazi baada ya kizazi, vinasaba vyao huachana taratibu na vya mto wa jirani, na tofauti hizo ndizo alama wanazosoma wataalamu. Kwenye Ghuba ya Bristol huko huko Alaska, samaki wakiwa bado njiani, huvuliwa wachache wa majaribio nje ya Port Moller. Sampuli zao hupelekwa maabara Anchorage, na baada ya siku chache wasimamizi wanajua katika kundi linalokuja wa mto Kvichak ni kiasi gani, wa Egegik, wa Ugashik na wa Nushagak ni kiasi gani. Hilo huwasaidia kuamua wapi pafunguliwe kwa uvuvi na wapi pasubiri, ili mto wenye samaki wachache usimalizwe kwa kuwa jirani yake ana wengi. Kazi nzuri, naiheshimu.

Lakini dagaa wetu nao wameshapimwa! Matokeo ya vinasaba vya dagaa wa Ziwa Tanganyika, wale wanaoitwa kitaalamu Stolothrissa tanganicae, yalichapishwa mwaka 2019, na watafiti hawakuona mgawanyiko wa makundi. Ziwa lina urefu wa kilomita 670 hivi na limegawanywa kwa nchi nne, ila dagaa wake ni jamii moja. Anayeopolewa usiku huu hapa kwetu Kibirizi ni damu moja na wa Uvira kule Kongo, wa Rumonge kule Burundi na wa Mpulungu kule Zambia. Hana mto wa kurudia, na maisha yake ni kama mwaka mmoja tu na kidogo. Kipimo ni cha aina ile ile, jibu ni kinyume chake, na ninyi mmechukua jibu la salmoni mkatubandikia sisi.

Nakueleza kwa nini hili linaniuma. Kabla ziwa halijafungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, tuliitwa kikao pale mwaloni, tunaposhushia samaki. Ofisa mmoja akatuambia tuvumilie, dagaa wa Kigoma wakizaliana tutawavuna wenyewe. Nikanyoosha mkono nikauliza: na wenzetu wa ng'ambo wanasimama siku hiyo hiyo? Nani atahakikisha? Akanijibu mbele ya watu, "Mama, wewe shughulika na dagaa wa Kigoma." Wakacheka, vijana ninaowalipa mimi mwenyewe nao wakacheka. Nikakaa. Nikavuta kipe changu, chombo cha kuvulia dagaa, nchi kavu, nyavu zikaingia stoo zikatafunwa na panya, chanja za kuanikia dagaa zikabaki tupu kwenye jua, na mkopo haukujua kama ziwa limefungwa. Niliuza injini nikalipa ada. Wala sipingi kufunga, Mhariri. Nilifunga kwa moyo wote, kwa sababu dagaa wamepungua na kila mwenye macho anaona. Ninachopinga ni kudanganywa kwamba ninaweka akiba yangu peke yangu. Taa za kuvulia dagaa zikiwaka upande mmoja usiku mmoja tu, wanaovuliwa kule ni wale wale niliowaacha mimi huku. Na sisi tukiiba, mvuvi wa Kalemie kule Kongo ndiye anayeibiwa. Ndiyo maana nchi zote nne zilitia saini mkataba wa ziwa hili mwaka 2003 na kuunda Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye ofisi Bujumbura. Makala kama yenu humpa nguvu ofisa kama yule, na kesho atasimama kikaoni na gazeti lako mkononi.

Na kama mnataka kweli kutumia vinasaba, anzieni sokoni Dar es Salaam. Huko dagaa wa Mwanza, wamejaa mchanga, wanauzwa kwa jina la dagaa wa Kigoma na kwa bei ya Kigoma. Hawa hata ukoo si mmoja: wetu ni wa ukoo wa sadini, hao wa Mwanza, wa Ziwa Victoria, wako upande wa samaki waitwao karpu kwa jinsi wataalamu wanavyowapanga. Mteja akitafuna changarawe analilaumu jina letu. Hilo hakuna anayeliandikia makala.

Ombi langu ni hili. Watafiti wamefika mwaloni kwetu, wamekata vipande vya mapezi kwa mkasi mdogo, wakavitia kwenye vichupa vya spiriti vyenye namba, wakaondoka. Majibu yanakwenda kwenye majarida ya Kiingereza. Nataka majibu hayo yaandikwe kwa Kiswahili, ukurasa mmoja, herufi za kusomeka bila miwani, yabandikwe karibu na mzani kwenye kila mwalo kuanzia Kagunga hadi Kasanga, na karatasi hiyo hiyo ibandikwe Burundi, Kongo na Zambia kwa lugha zao, kabla ya kufunga ziwa tena. Nawe Mhariri, chapisha sahihisho, ukurasa ule ule wa katikati, ukubwa ule ule wa ile picha ya salmoni.

Mama mwenye kipe,
Kibirizi, Kigoma