Risala ya Kikundi cha Vijana Wachoraji kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kufungua Maonyesho

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, walimu wetu, wazazi na walezi, majirani wenyeji, mabibi na mabwana,

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Picha zinakusubiri ukutani, kwa hiyo hatutakuchosha.

Kikundi hiki kina vijana waliokimbilia nchi hii na vijana waliozaliwa hapa. Kilianza kama mahali pa kupitishia muda. Mwombaji hifadhi anaweza kungoja jibu miezi, pengine miaka, na mara nyingi haruhusiwi kufanya kazi wakati huo wote. Chakula na malazi tunapewa, na tunashukuru. Lakini kijana aliyeshiba asiyejua kesho ataamkia shughuli gani, Mheshimiwa, ana maumivu ambayo hayana nafasi kwenye fomu.

Mwenzetu mmoja, ambaye leo ndiye msimamizi wa maonyesho haya, alikuja akiwa haijui lugha ya hapa. Darasani alikuwa kimya hata wengine wakadhani ni mzito wa kuelewa. Alipopewa karatasi na kipande cha mkaa, alichora mlango. Juma lililofuata akachora mlango uleule, na lililofuata vilevile, kila mara akirekebisha kivuli cha kizingiti. Hatukumuuliza ni mlango wa wapi. Tulimuuliza kivuli kile anakipataje. Hapo ndipo alipofungua mdomo, kwa maneno ya kuokoteza na mikono mingi, kwa sababu safari hii yeye ndiye aliyekuwa na la kutufundisha. Siku hizi anafundisha watoto kila Jumamosi, na ni mkali kuliko mwalimu wetu.

Hatusemi kwamba sanaa huzaa matunda upesi. Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1948, alifika Uingereza akiwa kijana mkimbizi, akaanza kuandika akiwa na miaka 21. Riwaya yake ya kwanza ilitoka mwaka 1987, na Tuzo ya Nobel ya Fasihi aliipata mwaka 2021. Wafadhili wanaotutaka tuonyeshe matokeo ndani ya miezi mitatu tunawaomba wapige hesabu hiyo taratibu.

Mheshimiwa, ndani utaona baiskeli, mama anayesuka nywele, na paka aliyelala juu ya redio. Wapo wanaotuuliza, "Mbona hamkuchora vita?" Aliyetaka kuchora vita amechora, na kazi yake ipo. Aliyetaka kuchora paka naye aachwe na paka wake. Tumekwisha simulia yaliyotupata mbele ya maofisa mara nyingi, tena kwa kuulizwa. Brashi tunaishika kwa hiari.

Ombi letu kubwa linahusu haki ya kazi zetu. Picha za baadhi yetu zimewahi kuchapishwa kwenye kalenda na kadi bila jina la mchoraji wala malipo, na tulipouliza tukaambiwa tufurahi kwamba tumejulikana. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, Ibara ya 14, unasema mkimbizi apewe, katika nchi anakoishi, ulinzi uleule wanaopewa raia kwa kazi zao za fasihi, sanaa na sayansi. Hatuombi upendeleo. Tunaomba utusaidie kupata mwanasheria wa kutuelekeza namna ya kusajili kazi zetu na kuandikiana mikataba na wanunuzi.

Tunaomba pia chumba cha kudumu. Hiki tunachotumia hugeuzwa stoo kila shughuli inapotokea, na rangi ya mafuta haikauki kwa amri.

Baada ya kusema hayo, tunakukaribisha ukate utepe na kutembelea maonyesho. Picha zote zinauzwa, na bei zimeandikwa nyuma. Msimamizi ametuagiza tukwambie mapema, kwa heshima zote, kwamba hata kwa mgeni rasmi hapunguzi.

Tunaomba kuwasilisha.