Kuhusu udiwani na ile ofisi yako ya hesabu

Mwanangu Zuhura,

Barua yako ya kututaarifu kwamba utagombea udiwani katika uchaguzi wa Chicago wa Februari 2027 imetufikia, na mama yako amekwisha kuwasomea majirani wote. Nami nimefurahi, ingawa ningependa habari hiyo nisiipate kwanza kwa shangazi yako. Lakini kuna sentensi moja uliyoipitisha kwa haraka, kwamba hata ukishinda utaendelea na ile ofisi yako ya kuwaandalia watu hesabu za kodi, na tangu niisome sijatulia.

Wewe mwenyewe uliwahi kuniambia kwamba anayetaka kulielewa Baraza la Jiji hilo aanze na Edward Burke, nami nimekutii. Baba yake alikuwa diwani wa Kata ya 14 hadi alipofariki mwaka 1968. Mwaka uliofuata kijana akakichukua kiti akiwa na miaka 25, akakikalia miaka 54, hadi Mei 2023, muda ambao hakuna diwani mwingine wa Chicago aliyewahi kuufikia. Harold Washington alipochaguliwa mwaka 1983 kuwa meya wa kwanza Mweusi wa jiji hilo, Burke na diwani mwenzake Edward Vrdolyak ndio waliowaongoza madiwani 29 kati ya 50 kumkwamisha, na meya hakupata nafuu hadi chaguzi za marudio za mwaka 1986 katika baadhi ya kata. Kwa miongo zaidi ya mitatu Burke aliongoza Kamati ya Fedha, nawe uliyelelewa katika nyumba ya mhasibu wa halmashauri unajua kwamba mwenye kamati hiyo hubembelezwa hata na wasiompenda.

Muda huo wote alikuwa na kampuni ya uwakili iliyowasaidia wenye majengo kupunguziwa kodi. Jumba la Donald Trump la katikati ya jiji lilikuwa miongoni mwa wateja wake. Kuwa na kampuni hiyo hakukuwa kosa, na hapo ndipo hofu yangu ilipo, kwa sababu hakuna siku ambayo mtu angeweza kumwonyesha kwa kidole na kusema leo umevuka mpaka. Mashtaka yalipokuja yalihusu mambo kama mgahawa wa Burger King ndani ya kata yake, uliokuwa ukikarabatiwa, ambao alishtakiwa kuuwekea vikwazo huku akitaka wenyewe waipe kampuni yake kazi ya kodi. Kwenye suala la jengo la posta ya zamani, diwani mwenzake Daniel Solis alimrekodi akiuliza kama wamekwisha kumvua jodari, yaani kama wenye jengo hilo wamekwisha kuwa wateja wa kampuni yake. Desemba 2023 alikutwa na hatia katika mashtaka 13 kati ya 14, na Juni 2024, akiwa na miaka 80, akahukumiwa kifungo cha miaka miwili na faini ya dola milioni 2.

Najua utanijibu kwamba wateja wako ni wenye maduka madogo na madereva wa teksi, na kwamba hutamwomba mtu kitu. Sina shaka, maana ukaidi wako umewahi kutufaa. Lakini mwenye duka huyo huyo ndiye atakayekuja kwako kwa ajili ya kibali cha bango au cha kuweka meza nje, na katika jiji hilo neno la diwani juu ya kata yake limekuwa na uzito kwa miaka mingi. Atahamishia hesabu zake kwako bila kuombwa, na jirani yake atamfuata. Habari ya yale mabati ya jikoni kwetu unaijua, sina haja ya kuirudia hapa. Nakukumbusha tu kwamba fundi yule naye hakuwahi kuombwa kitu.

Usinitajie ile methali ya mshika mbili. Kinachoniogopesha ni hizo mbili kushikana zenyewe mkononi mwako, hata ushindwe kujua ipi inailisha nyingine. Wala usitegemee wapiga kura wakuzindue: Februari 2019, akiwa amekwisha kushtakiwa, Burke alirudishwa kitini bila hata duru ya pili. Watu walimpenda, na huenda alistahili kupendwa, kwa maana kata yake aliijua mtaa kwa mtaa. Hilo ningependa ulichukue kwake.

Fedha za kupaka rangi nyumba zimefika, na risiti za fundi nimezihifadhi, ingawa mama yako anasema najisumbua bure. Dari la sebuleni lingali linavuja upande wa dirisha, na bili ya maji ya mwezi huu imekuja kubwa kiasi kwamba nimekwenda kulalamika. Mdogo wako ameacha chuo tena, lakini hilo atakueleza mwenyewe.

Katika barua ijayo niandikie jambo moja tu kabla ya mengine yote: ofisi ile utaifunga, au utaiuza, na kwa nani? Ukiniambia utamwandikisha mume wako, nitajua hukuisoma barua hii.

Ni mimi baba yako,
Tanga