Nasaga dawa za mume wangu kwenye uji

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 46, mkulima wa zabibu hapa Mpunguzi, barabara ya Iringa ukitokea Dodoma mjini. Ni Mwanglikana tangu nikibebwa mgongoni na bibi, na mume wangu ni mzee wa kanisa. Nakuandikia usiku yeye akiwa amelala, maana mchana hatuachani.

Mwaka jana mwezi wa 9, katikati ya mavuno, alianguka shambani akiwa na kreti mkononi. Kiharusi. Upande wa kulia wote ukalala, mdomo ukapinda. Zabibu nazo hazisubiri mgonjwa apone, zikishaiva zinakupa siku chache tu. Tuliporudi kutoka hospitali nusu ya shamba ilikuwa chakula cha nyuki, na iliyobaki dalali aliichukua kwa bei aliyojipangia mwenyewe. Nikaingia kwenye mkopo wa kausha damu, na mpaka leo kila Jumatatu mwenye daftari anabisha hodi. Hilo la deni nalimudu, nalipa kidogo kidogo na kijana wangu wa bodaboda ananisaidia. Silo lililonifanya nishike kalamu.

Kilichonivunja ulikuwa ukimya wake. Huyu bwana ndiye alikuwa mpiga zeze wa kwaya yetu. Nyimbo za Kigogo zikianza na zeze lake likalia, hata watoto wa nje wanaingia ndani. Sasa mkono unaovuta uta ndio uliokufa. Siku moja aliniambia niliondoe zeze ukutani, hataki kuliona. Baada ya hapo miezi ikapita, ukimuuliza neno anatikisa kichwa, basi. Usiku nilikuwa nikisikia analia, nami najifanya nimelala.

Watu walikuja kutufariji, Mungu awabariki, ila maneno mengine afadhali wangenyamaza. Mhubiri mmoja mgeni alitusomea Yohana 15, kwamba Baba hulisafisha tawi ili lizidi kuzaa, kwa hiyo tuvumilie mkasi. Nikamtazama mikono yake, nikajua hajawahi kupogoa hata mzabibu mmoja. Sisi tukishakata matawi tunaweka samadi na tunamwagilia, hatuuambii mzabibu uvumilie. Nisamehe, Shangazi, nimetoka nje ya habari.

Mwezi wa 5 mwaka huu wifi yangu alikodi bajaji akampeleka mjini kwenye mkutano wa injili. Mimi sikutaka, lakini nikaenda nao. Mtumishi akamwombea, akamwambia simama. Akasimama! Akatembea hatua 4, nilizihesabu, bila fimbo na bila kushikwa. Nililia mpaka kitenge kikalowa. Najua kila jioni nilikuwa namfanyisha mazoezi ya kamba kwenye mwarobaini, kama tulivyofundishwa hospitali, na siwezi kusema hayakuchangia. Ila sitaki kumnyang'anya Mungu kilicho chake. Usiku ule mume wangu alicheka. Asubuhi akaomba zeze lake lirudishwe ukutani, na sasa anajifunza kuvuta uta kwa mkono wa kushoto. Linakwaruza kama paka, lakini hapa nyumbani hakuna sauti tunayoipenda kuliko hiyo. Amerudi kusali na watoto, anawasimulia hadithi, anapanga mambo ya msimu ujao. Nilimpoteza miezi 8, nikarudishiwa siku moja.

Shida ni kwamba mtumishi yule alimwambia na neno la pili: aliyeponywa hamezi dawa ya ugonjwa asio nao, na akimeza anamwita Mungu mwongo. Tulipofika nyumbani akachukua vidonge vyote vya presha akavitupa chooni. Nilibembeleza, nikanuna, nikamletea na Maandiko. Nilimkumbusha Hezekia: Mungu alishaahidi kumponya, bado Isaya akaagiza tini zibandikwe kwenye jipu. Nikamkumbusha Paulo alivyomwambia Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake, mstari ambao sisi watu wa zabibu hatuusahau. Nikamuuliza, kama dawa ni kukosa imani, mbona kanisa letu lina hospitali pale Mvumi, na wewe mwenyewe ulizaliwa humo? Akanijibu kwa upole kabisa, "Mama, wewe hukusimama pale mbele. Mimi nilisimama."

Baada ya wiki 2 nilimshawishi tukapime. Presha ilikuwa 190 kwa 110. Muuguzi alishtuka kuliko mimi. Mume wangu akasema ni shetani anamjaribu.

Siku hiyohiyo nikachukua dawa kwa kadi yake na kuzificha kwenye debe la uwele. Nilimuuliza muuguzi kama aina hizi zinasagika. Akaniambia hizi zinasagika, ila si kila dawa husagwa, kisha akaniuliza, "Kwani hawezi kumeza?" Nikasema hawezi. Uongo wa kwanza huo. Tangu hapo kila alfajiri nasaga vidonge kwa mgongo wa kijiko, nachanganya kwenye uji wa ulezi, naongeza ubuyu ili ule ukali wake ufiche uchungu wa dawa. Anakunywa, ananishukuru, anasema uji wangu siku hizi umekuwa mtamu. Halafu tunashikana mikono anaomba, anamshukuru Mungu kwa kumponya bila dawa, na mimi naitikia amina. Shangazi, hiyo amina inanikwama kooni.

Wiki iliyopita tulipima tena. 136 kwa 84. Alikubali kwenda, anasema ni ili waganga wa dunia waone ukuu wa Bwana. Njiani kurudi aliimba, na mimi nikaimba naye, maana furaha yangu ilikuwa ya kweli. Naamini Mungu ndiye anayemshikilia mume wangu. Naamini pia anamshikilia kwa vidonge vile. Kwangu mambo hayo mawili hayagombani, kwake yanagombana.

Ningeweza kuendelea hivi kimya kimya hata miaka. Lakini sasa ameomba nafasi ya kutoa ushuhuda kanisani, Jumapili ya pili mwezi ujao. Atasimama mbele ya watu aseme ameacha dawa na presha imeshuka, na karatasi ya kipimo ataionyesha. Mchungaji amefurahi, kwaya inafanya mazoezi. Sijamwambia mchungaji ukweli, kwa sababu mume wangu ni mzee wa kanisa, na akiumbuka mbele ya mtaa mzima sijui kama atasimama tena. Nikimwambia yeye mwenyewe, naogopa mambo mawili: kwamba hataamini tena chochote nitakachompikia, na kwamba ataona hata zile hatua 4 zilikuwa uongo. Hazikuwa uongo. Nilikuwepo.

Nisaidie, Shangazi. Nimwambie kabla ya siku hiyo, na nianzeje? Au nimtangulize mchungaji, au yule muuguzi? Na mtu akiwa amefufuka moyo kwa jambo lililochanganyika na uongo wangu, nitautoaje uongo bila kumuua tena moyo?

Usinijibu kwamba niombe tu. Naomba. Lakini jana jioni jirani yangu, bibi wa miaka 70 anayetumia dawa za presha kama hizohizo, alikuja kuomba chumvi. Amesikia habari za ushuhuda. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama na yeye aache vidonge vyake. Nikamwambia haraka, hapana bibi, endelea kumeza. Akanitazama, akasema, "Mbona mume wako ameacha na amepona?"

Nilimpimia chumvi. Sikumjibu.

Mama wa zabibu,
Mpunguzi, Dodoma