Muhtasari wako nimeusomea kibarazani

Jambiani, Unguja, Jumapili asubuhi

Shoga yangu Zuwena,

Assalaam alaykum. Natumai wewe na watoto hapo Wete, Pemba, hamjambo. Sie wazima, ila mama goti bado linamsumbua na hataki kusikia habari ya kupumzika.

Ule muhtasari wa sera ya Zanzibar ya uchumi wa buluu, yaani uchumi wa bahari, unaowaandalia watu wa shehia nimeusoma mara mbili. Mara ya pili niliusoma kwa sauti, kibarazani, mama na Bi Mwajuma wakichambua taitai zao, vile vikamba vya kufungia mwani. Uliniomba nikuangalizie Kiswahili tu. Kiswahili chako hakina kasoro. Tabu ilianza nilipofika kwenye "wavuvi wadogowadogo watawezeshwa." Bi Mwajuma akauliza, "Na sie je?" Nikamwambia, nyinyi mumo humo humo. Akacheka. "Mie sivui, mwanangu. Mie naenda pwani."

Si unajua mwenyewe? Huku kuvua ni kazi ya mwenye ngalawa, nyavu, dema. Mwanamke aliyeinama tangu maji yatoke mpaka yajae, mchokoo mkononi, akitafuta pweza na kuokota kombe, huambiwa kaenda pwani. Basi akija mtu na daftari kumuuliza kama ni mvuvi, atajibu hapana, na hajasema uongo. Waandike wote wawili, shoga: wanaovua na wanaokwenda pwani.

Halafu hilo "endelevu." Umeliweka mara kumi na moja, nimehesabu. Limetoka mzizi mmoja na kuendeleza, na huku mashariki "kuendeleza ufukwe" tunajua maana yake: ukuta, mlinzi, na njia ya zamani iliyobaki ndani ya ukuta. Mama na gunia lake la mwani huzunguka ubavuni mwa hoteli moja hapa ili afike nyumbani, kwa goti lile. Wewe ukisema matumizi endelevu ya fukwe, yeye anasikia tofali.

Mwani nao umeuita "fursa kwa wanawake." Hapo mama alinikatiza. Mwani wa biashara ulianza huku, Paje na Jambiani, mwaka 1989, na yeye alikuwa miongoni mwa wa mwanzo, ana mimba ya kaka yangu. Kaka yangu sasa ana mvi. Fursa gani hiyo ya miaka thelathini na kitu? Hiyo ni kazi, na kazi ina bei, ina maumivu ya mgongo. Tena ile kotonii, aina ya mwani yenye bei nzuri, haioti tena kwenye maji mafupi tangu bahari ilipozidi joto. Wamebaki na aina nyingine, spinosamu, ya bei ndogo. Kuifuata kotonii kwenye kina kunataka chombo na kujua kuogelea, na mama hajui kuogelea. Weka hayo mahali pa "fursa", hata kwa sentensi mbili.

Na ile fasili ya Benki ya Dunia ya uchumi wa buluu uliyoitanguliza: ukuaji wa uchumi, maisha bora, ajira, "huku" afya ya bahari ikihifadhiwa. Nimeikodolea macho hiyo "huku" muda mrefu. Bahari nzima imening'inizwa kwenye neno moja, mwisho wa sentensi, kama mtoto aliyekumbukwa gari limeshaondoka. Igeuze uone: bahari ikiwa nzima, ndipo watu wapate ajira. Maneno ni yale yale.

Rangi yenyewe nayo, hiyo buluu, mie naiogopa kidogo. Sera ile ya 2020 imekusanya uvuvi na ufugaji wa baharini, biashara na miundombinu ya bahari, nishati, utalii, na utawala wa bahari. Kwenye nishati mumo mafuta na gesi. Mkataba wa kitalu cha Pemba na Zanzibar, eneo la kutafutia mafuta na gesi, ulishatiwa saini tangu 2018. Sipingi watu kutafuta mafuta. Ila ukishapaka buluu juu ya pweza na juu ya kisima cha mafuta, msomaji ataona ndugu wa baba mmoja, na siku wakigombana hatajua amsikilize nani.

Jambo la mwisho, maana karatasi inakwisha. "Zitatumika", "zitavunwa", "zitalindwa." Na nani? Bi Mwajuma aliuliza hivyo kila nilipovuta pumzi, mpaka nikaona haya kuendelea. Wenzenu wa Kisiwa Panza, huko huko Pemba, wakifunga mwamba wa pweza usivuliwe kwa muda, kila mtu anajua nani kafunga, mwamba upi, na utafunguliwa bamvua gani. Jaribu kuandika hivyo. Pale utakaposhindwa kumtaja mwenye kulinda, acha nafasi wazi, watu wa shehia waione.

Usinikasirikie kwa wino mwekundu niliokumiminia. Ukurasa wa tatu sijaugusa, nitaumaliza kesho usiku inshallah. Sasa hivi maji yameshatoka na mama ananiita nimbebee kamba.

Shoga yako,
Mize